Matondoni: Jinsi ya kuzuru kijiji cha mafundi wa majahazi kwa usalama na furaha

WAGENI wengi wanaofika Lamu huishia katika vichochoro vya Mji wa Kale na ufuo wa Shela, kisha hurejea makwao wakiamini kuwa wamekiona kisiwa chote. Hata hivyo, upande wa pili wa kisiwa hicho, magharibi, kuna kijiji cha Matondoni, ambako majahazi na mashua yanayopamba picha za watalii huundwa na kukarabatiwa kwa mikono.

Ziara ya Matondoni si ngumu wala si ya gharama kubwa, lakini ina masharti yake. Pwani ya kijiji hicho imezungukwa na mikoko, na maji yanapokupwa huacha tope mahali ambapo saa chache zilizopita vyombo vilikuwa vikielea. Anayekwenda bila kuuliza habari za maji huenda akakwama kwa saa kadhaa, na aliyekwama ndiye hushawishika kusafiri gizani au kujibanza katika chombo kilichojaa kupita kiasi.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza ya ziara hii ni kupanga siku kwa kufuata maji, wala si kwa kufuata saa ya mkononi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo, pamoja na mambo mengine ambayo mgeni anapaswa kuyajua kabla ya kufunga safari.

KIJIJI NA KAZI YAKE

Matondoni ni kijiji cha mafundi, wavuvi na wakulima. Sifa yake kuu ni uundaji wa vyombo vya bahari. Fundi hafanyi kazi kwa mchoro wa karatasi. Vipimo amevirithi kwa wakubwa wake na amevihifadhi machoni na mikononi. Huanza kwa kuulaza mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, kisha husimamisha mataruma, ambayo ni mbavu zake, na kupigilia mbao. Mataruma huchongwa kutokana na miti iliyopinda kiasili ili yafuate umbo la chombo.

Mgeni atakuta tezo ya kuchongea na keekee ya kutobolea bado zikitumika. Kazi inayovutia macho zaidi ni kutia kalafati, pale fundi anaposhindilia pamba iliyotiwa mafuta katika nyufa za mbao ili maji yasipenye. Chombo kikikamilika hushuliwa baharini kwa nguvu za watu wengi, na shughuli hiyo hungojea siku ambazo maji hujaa sana.

Ufundi huu umekabiliwa na misukosuko. Mbao nzuri zimeadimika, na boti za fiberi zenye injini zinachukua nafasi ya vyombo vya tanga. Mnamo Februari 2018, serikali ya Kenya ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakazi wa Lamu waliotegemea mikoko waliathirika pia, kwani kaunti hiyo ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote nchini. Mwaka huo huo mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa taka za plastiki, ambalo mapema mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar.

Wanawake wa Matondoni nao husuka mikeka, vikapu na vipepeo kwa miyaa, yaani majani ya mkoma yaliyochanwa na kukaushwa. Kwa hiyo anayekwenda kijijini asitarajie ufuo mweupe wa kuogelea. Ufuo wa namna hiyo uko Shela. Matondoni huzuriwa na anayetaka kuona watu wakiwa kazini.

KUFIKA LAMU

Mji wa Lamu, ulioorodheshwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) kuwa Turathi ya Dunia mnamo 2001, ndio kituo cha kuanzia safari. Hakuna daraja la kukiunganisha kisiwa na bara.

Anayesafiri kwa ndege hutua katika uwanja ulioko kisiwa cha Manda, kisha huvuka mlango wa bahari kwa boti kwa dakika chache. Anayesafiri kwa basi kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi gati ya Mokowe, mwendo wa takriban kilomita 340, na hapo hupanda boti hadi mjini. Barabara ya Garsen hadi Lamu, ambayo zamani ilikuwa ya vumbi na matope, sasa imewekwa lami.

Raia wa Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi hawahitaji viza ya kuingia Kenya. Wageni wa mataifa mengine mengi hutakiwa, tangu Januari 2024, kuomba mapema idhini ya kusafiri kwa njia ya kielektroniki. Ni vyema pia kukumbuka kuwa Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na adhabu yake ni kali. Funga mizigo yako katika mifuko ya kitambaa.

KUTOKA MJINI HADI MATONDONI

Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni kwa miguu, kupitia mashamba ya minazi na miembe nyuma ya mji. Mwendo huu hutwaa takriban saa mbili kwa mtu mwenye afya ya kawaida. Njia ni ya mchanga na hugawanyika mara kwa mara, hivyo asiyeijua aongozane na mwenyeji. Wazee na wenye mizigo huweza kukodi punda. Katika miaka ya karibuni pikipiki nazo zimeongezeka nje ya Mji wa Kale, na zimefupisha safari hiyo.

Njia ya pili ni kwa bahari, kuzunguka upande wa kaskazini wa kisiwa. Boti ya injini hufika upesi, ilhali mashua ya tanga hutegemea upepo. Njia hii hupita kando ya mikoko na hupendeza sana, lakini ndiyo inayohitaji hesabu ya maji.

JINSI YA KUSOMA MAJI

Katika pwani ya Kenya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaokaribia siku moja. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hivyo ratiba iliyomfaa rafiki yako wiki jana haitakufaa wewe wiki hii.

Wenyeji huhesabu maji kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, wakati ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo maji huwa yamejaa karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, na hukupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mwezi unapofika nusu huja maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Siku hizo maji hujaa karibu saa nne asubuhi na kupwa karibu saa kumi alasiri.

Saa hizi ni za kukadiria tu. Halmashauri ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, lakini nahodha wa Lamu hujibu swali hilo bila kutazama karatasi. Muulize mambo matatu: maji yanajaa saa ngapi, chombo kitaweza kukaa Matondoni mpaka saa ngapi, na ni saa ipi ya mwisho ya kuondoka bila kukwama. Akisita kujibu, tafuta mwingine.

Kwa siku za bamvua, mpango mzuri ni kwenda kwa miguu alfajiri kabla ya jua kuwa kali, kushinda kijijini, na kurudi kwa boti alasiri maji yakiwa yanajaa. Kwa siku za maji mafu, ondoka mjini kwa boti saa mbili asubuhi na urudi kabla ya saa saba mchana, au muage nahodha na urudi kwa miguu alasiri. Kwa vyovyote vile, hakikisha umefika mjini kabla ya jua kuzama, jambo ambalo hutokea baada tu ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima.

USALAMA BAHARINI

Maji yaliyo kati ya kisiwa na bara huonekana tulivu, lakini ajali zimewahi kutokea katika bahari ya Lamu. Mnamo Agosti 2017, watu kadhaa wa ukoo mmoja walifariki dunia chombo chao kilipopinduka. Mgeni anaweza kujikinga kwa kuzingatia haya:

Kwanza, usipande chombo kisicho na jaketi za kuokolea maisha zinazotosha abiria wote, na uvae yako tangu mwanzo wa safari. Jaketi iliyofungwa chini ya mizigo haimwokoi mtu.

Pili, hesabu watu. Chombo ambacho maji yanakaribia ukingo wake kimejaa kupita kiasi, hata kama nahodha anasema ni kawaida.

Tatu, wakati wa kusi kali, hasa Juni na Julai, sikiliza ushauri wa mabaharia. Nahodha akikataa kusafiri, usimshawishi kwa kumwongezea pesa.

Nne, mjulishe mwenye nyumba ulikofikia ni nani aliyekuchukua, mmeelekea wapi na mnatarajiwa kurudi saa ngapi.

HALI YA USALAMA KATIKA KAUNTI

Si haki kumficha msomaji kuwa Kaunti ya Lamu inapakana na Somalia na imewahi kushambuliwa. Mnamo Septemba na Oktoba 2011, wageni walivamiwa Kiwayu na Manda. Juni 2014, zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, upande wa bara. Januari 2020, basi lilishambuliwa eneo la Nyongoro, na siku chache baadaye kambi ya kijeshi ya Manda Bay ikavamiwa. Januari 2022 vijiji kadhaa vya bara vilishambuliwa tena.

Kwa muda mrefu sasa, mashambulizi mengi yametokea bara, kandokando ya msitu wa Boni na barabara zinazoupakana, wala si katika kisiwa cha Lamu. Mgeni anayekwenda Matondoni habanduki kisiwani humo. Hata hivyo, safari ya kufika Lamu ndiyo inayohitaji uangalifu. Ukitumia barabara, safiri mchana, chagua kampuni ya basi inayofuata maagizo ya polisi, na ubebe kitambulisho kwa ajili ya vizuizi. Ukiwa na wasiwasi, tumia ndege. Usielekee kaskazini kuanzia Kiwayu hadi Kiunga bila kupata kwanza ushauri wa maafisa wa usalama. Soma pia ilani za serikali yako kabla ya kuondoka, kwani hali hubadilika.

Kuhusu wizi mdogo mdogo na usumbufu, tahadhari ni zile zile za mji wowote wa watalii. Mjini kuna vijana wengi wanaojitolea kuongoza wageni. Baadhi yao ni waaminifu na wana maarifa mengi. Wengine hutaka malipo yasiyokubaliwa. Njia salama ni kumwomba mwenye nyumba ulikofikia akupendekezee kiongozi anayejulikana.

AFYA

Malaria ipo pwani ya Kenya. Zungumza na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, lala ndani ya chandarua, na vaa nguo za mikono mirefu jioni. Ukipata homa wakati wa safari au wiki kadhaa baada ya kurudi, nenda ukapimwe upesi na umweleze daktari kuwa ulikuwa pwani.

Jua la Lamu ni kali na kijijini hakuna maduka mengi. Beba maji ya kunywa ya kutosha siku nzima, kofia, na dawa zako za kila siku. Unapovua viatu ili ushuke topeni, fikiri mara mbili: mizizi ya mikoko hushikwa na chaza wenye makali ya wembe. Kandambili hunaswa na tope. Afadhali viatu vinavyofungwa mguuni na visivyoharibiwa na maji.

Katika vichochoro vya Lamu na njia za mashambani, punda ana haki ya kupita. Ukisikia kelele za mchungaji, jibanze ukutani na usisimame nyuma ya mnyama. Ukiumia au kuugua vikali, hospitali kubwa ya umma kisiwani ni King Fahd, iliyoko mjini Lamu. Nambari za dharura nchini ni 999 na 112. Kumbuka kuwa mgonjwa mahututi huenda akalazimika kusafirishwa kwa ndege, kwa hivyo bima inayogharamia usafiri huo ni ya manufaa.

MAJIRA YA KUZURU

Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Huo ni wakati wa joto, bahari huwa tulivu na anga safi. Masika huanza Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi. Njia za mashambani hujaa maji na baadhi ya nyumba za wageni hufungwa. Kusi huleta ubaridi kiasi na mawimbi, kisha hali hupoa kuanzia Agosti.

Wakati wa Maulidi ya Lamu, katika Mfungo Sita, mji hufurika wageni kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki na kwingineko, na nafasi za malazi huwa adimu. Tamasha la utamaduni, lenye mashindano ya mashua na punda, kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa mwaka. Katika Ramadhani, mikahawa mingi hufungwa mchana na si adabu kula au kunywa hadharani. Siku ya Ijumaa kazi husimama kwa ajili ya sala, hivyo anayetaka kuwaona mafundi achague siku nyingine.

ADABU ZA KIJIJINI

Matondoni ni makazi ya watu wala si makumbusho. Ukifika, anza kwa salamu na jitambulishe kwa wazee kabla ya kutoa kamera. Wasemaji wa Kiswahili wa sehemu nyingine watafurahia kusikia Kiamu, ambamo maji ni “mai”, njia ni “ndia” na kuja ni “kuya”.

Wanaume na wanawake wavae nguo za kufunika mabega na magoti. Nguo za kuogelea ziachwe ufuoni. Usimpige picha mtu, hasa mwanamke au mtoto, bila ruhusa. Na akikataa, usibishane. Usiingie msikitini bila kuruhusiwa. Usipande juu ya chombo kinachoundwa mpaka fundi akukaribishe, kwani mbao ambazo hazijapigiliwa huteleza.

FEDHA

Benki na mashine za kutolea pesa ziko mjini Lamu. Kwa Matondoni, beba noti ndogo ndogo au uwe na salio la M-Pesa. Kabla ya kupanda boti, elewaneni waziwazi: bei ni ya chombo kizima au ya kila mtu, ni ya kwenda tu au pamoja na kurudi, na je, saa za kungoja zimo? Maelewano ya dakika mbili gatini huepusha ugomvi wa jioni.

Jambo la mwisho linahusu wenyeji zaidi ya mgeni. Ziara nyingi hununuliwa mjini, na pesa huishia huko huko. Mgeni hupiga picha za jahazi, hunywa soda aliyokuja nayo, kisha huondoka, na kijiji hakipati kitu. Ukitaka ziara yako iwe na maana, nunua mkeka kwa aliyeusuka, agiza chakula cha mchana kijijini kwa kuarifu mapema, na umlipe fundi aliyeacha tezo yake nusu saa ili akueleze kazi yake. Muda huo ni mshahara wake.

MPANGO WA SIKU KWA UFUPI

Siku moja kabla: muulize nahodha habari za maji, tafuta kiongozi, agiza chakula, na nunua maji ya kunywa. Asubuhi: ondoka mapema, ukiwa na kofia, kitambulisho na pesa ndogo ndogo. Kijijini: salimu wazee, tazama mafundi, tembelea wasukaji, kula na upumzike kivulini jua linapokuwa la utosi. Kurudi: fuata saa aliyoitaja nahodha, hata kama mazungumzo yamenoga.

Anayefuata utaratibu huu atarejea mjini kabla ya magharibi, akiwa hajachoka wala kuhofu. Na atakapoona tanga likipita mbele ya Lamu jioni hiyo, atajua mbao zake zilipigiliwa wapi, na kwa kazi ya kiasi gani.